Kutoka Kisangani hadi Dubai: mchezo wa vita ambao wachezaji bado wanabishana juu ya mwisho wake

Chumba kilikuwa cha mbao, katika kartiye moja ya Goma, na televisheni tatu zikila umeme wa jenereta moja. Vijana wengi walikuja pale juu ya mpira: unalipa franka zako, unashika maneti, ukifungwa unamwachia mwenzako kiti. Siku hiyo kijana wa miaka kama kumi na saba alikuwa peke yake kwenye televisheni ya pembeni, anacheza mchezo wa vita. (Sanduku la diski linasema ni kwa wenye miaka 18. Kwetu nani anasoma sanduku?) Nilimkuta anarusha makombora. Watu walionekana kama alama ndogo nyeupe zinazokimbia huku na huku, na kila kombora lilipoanguka alama zilizimika, naye akitabasamu. Dakika chache kisha, tabasamu lilikuwa limeisha. Aliweka maneti juu ya magoti, akanigeukia, akaniita yaya, akaniuliza wale mama na watoto walikuwa wanafanya nini pale.

Sikuwa na jibu. Nilirudi siku nyingine nikaucheza mwenyewe hadi mwisho, na tangu hapo nimekuwa mmoja wa wale wasiokubaliana juu ya mwisho huo.

Mchezo unaitwa Spec Ops: The Line. Ulitoka Juni 2012. Uliundwa na Yager, kampuni ya Berlin, Ujerumani, na kutolewa na 2K ya Marekani. Kwa nje unafanana na michezo mingine yote ya risasi: askari watatu wa Marekani, bunduki nyingi, adui nyuma ya kila ukuta. Dubai imefunikwa na dhoruba za mchanga. Koloneli John Konrad, aliyekuwa akirudi kutoka Afghanistan na batalio yake ya 33, alijitolea kusaidia wakaaji, kisha akakataa amri ya kuondoka. Msafara wa kuwatoa watu mjini ukashindwa. Miezi sita baadaye ishara ya redio inasikika kutoka mchangani, na kapteni Martin Walker anatumwa kule pamoja na wenzake wawili, Adams na Lugo. Amri ni fupi: angalieni kama kuna watu hai, pigeni redio, tokeni. Walker hatoki. Konrad alimwokoa maisha kule Kabul, naye anataka kumwona kwa macho.

Dubai ambayo wafanyabiashara wetu wa Butembo na Goma wanaijua ni ya kontena, telefone na dhahabu. Hii ya mchezo ni majumba marefu yaliyozama mchangani, mtu anaingilia madirisha ya juu na kushuka. Serkali ya Falme za Kiarabu iliupiga marufuku.

Lakini kabla ya Dubai, hadithi hii ilikuwa yetu. Jina la koloneli si bahati. Joseph Conrad, baharia Mpolandi aliyeandika kwa Kiingereza, alifika Congo mwezi wa Juni 1890. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa mashua ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges, hadi Stanley Falls, pale tunapoita leo Kisangani, penye maporomoko ya Boyoma na mitego ya samaki ya Wagenia. Kule walimpakia mgonjwa mmoja, wakala wa biashara, jina lake Klein. Alifia njiani wakati wa kushuka mto. Miaka tisa baadaye, mwaka 1899, Conrad alitoa Heart of Darkness. Ndani yake Klein amekuwa Kurtz, wakala wa pembe za ndovu aliyejifanya mungu juu ya mto, na baharia Marlow anapanda kumtafuta. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola akahamisha hadithi hiyo hadi vita vya Vietnam katika filamu Apocalypse Now. Mwaka 2012 vijana wa Berlin wakaihamisha tena hadi Dubai.

Kwa hiyo kijana wa Goma anapomfuata Walker mchangani, anafuata njia iliyoanzia kwenye mto wa kwao. Hakuna aliyemwambia.

Turudi kwenye makombora. Walker na wenzake wanafika kwenye lango linalolindwa na askari wengi wa batalio ya 33. Wanakuta mzinga na makombora ya fosfori nyeupe, dawa inayowaka ikikutana na hewa na kuunguza nyama ya mtu hadi mfupani. Lugo anapinga, anasema daima kuna njia nyingine. Walker anakataa. Hapo mchezo unakupa ekra ndogo ya kulengea, picha kutoka angani, rangi nyeusi na nyeupe. Watu ni alama tu. Ukitazama vizuri, uso wa Walker unaonekana umejiakisi juu ya ekra ile, juu ya watu anaowachoma, lakini nani anatazama vizuri wakati huo? Mwishoni linabaki kundi kubwa la alama zilizojibana pamoja, hazikimbii kama zingine. Unarusha. Kisha mchezo unakufanya utembee kwa miguu, polepole, katikati ya ulichokifanya. Askari mmoja anayekufa anasema walikuwa wanasaidia watu. Ndani ya shimo kuna raia 47, batalio ilikuwa imewaficha pale. Mama mmoja ameungua akiwa amemfunika mtoto macho.

Ubishi mkubwa wa kwanza unaanzia pale. Je, mchezaji ana hatia? Wengi wanakasirika na kusema hapana, kwa sababu mchezo haukuwapa njia. Ukijaribu kupita kwa bunduki peke yake, maadui hawaishi, utakufa tu. Umenilazimisha, kisha unanishtaki? Watetezi wanajibu kwamba njia ilikuwepo: kuzima mashine na kwenda nyumbani, vile Walker naye angeweza kupiga redio na kutoka siku ya kwanza. Mimi jibu hilo linanichosha kidogo. Mtu aliyelipa saa moja ya jenereta hazimi. Hata hivyo nadhani hasira ya wachezaji ndiyo hasa walichotaka wale walioandika mchezo, Walt Williams na Richard Pearsey. Sikiliza maneno yenyewe: sikuwa na njia, niliamriwa, sikujua kama kuna raia. Sisi wa mashariki ya Congo tumeyasikia maneno hayo, na si kwenye michezo.

Baada ya shimo lile Walker habadiliki mara moja. Anatafuta wa kumtwika. Anaokota redio, na sauti ya Konrad inaanza kuzungumza naye ndani yake, inamtega, inamcheka, inampa majaribu. Kuanzia hapo kila ubaya una jina: Konrad ndiye aliyetufanya hivi. Lugha yake inaharibika. Mwanzoni anaongea na wenzake kwa utulivu wa mwanajeshi aliyefunzwa, anapanga, anaamuru. Kuelekea mwisho ni matusi na kelele. Pale mchezo unaposubirisha ili kupakia sehemu nyingine, maandishi ambayo mwanzoni yalikuwa mashauri ya kupigana yanageuka kuwa maswali kwa mchezaji mwenyewe, kama anajiona shujaa sasa. Lugo ananyongwa na wakaaji wenye hasira, na hapo unaweza kupiga risasi kwenye kundi la watu au kupiga hewani wakatawanyika. Mchezo haukuambii kwamba hewani inawezekana. Adams anakufa kwenye mlango wa mnara. Walker anapanda juu peke yake.

Juu anamkuta Konrad anachora picha: yule mama na mtoto. Kisha nyuma ya picha anamkuta Konrad wa kweli, maiti ya zamani kwenye kiti, aliyejiua zamani. Redio ilikuwa imevunjika tangu mwanzo. Watu wawili waliokuwa wananing'inia barabarani, ambao Konrad alimtaka Walker achague nani afe, walikuwa maiti tayari. Sauti yote ilitoka ndani ya kichwa cha Walker. Mbele ya kioo kikubwa, Konrad wa mawazo anamwelekezea bunduki na kuhesabu hadi tano. Mchezaji ndiye anaamua.

Ukimwacha Konrad apige, au ukijielekezea mwenyewe, Walker anabaki pale, maiti mbili upande kwa upande. Ukikipiga kioo, Walker anaishi, na siku nyingine gari za jeshi la Marekani zinafika kumchukua. Wanamkuta amekaa, amevaa koti la Konrad, bunduki mkononi. Unaweza kuwapiga na kufa. Unaweza kuwapiga na kuwamaliza wote, kisha ukashika redio yao na kuwakaribisha wakubwa wao Dubai, kama mwenye nyumba. Au unaweza kuweka bunduki chini. Hapo wanampandisha kwenye gari, askari kijana anamuuliza alifanya namna gani kubaki hai katika haya yote, naye Walker anajibu kwa kuuliza nani alisema alibaki hai.

Sentensi hiyo imezaa ubishi wa zaidi ya miaka kumi. Kuna wanaoichukua kama msemo wa mtu aliyechoka. Kuna wanaoichukua kama habari ya kweli: Walker alikufa. Wana sababu zao. Mchezo unaanza kwa vita vya helikopta vinavyoishia kwa kuanguka, kisha unarudi nyuma kusimulia vilivyotangulia. Hadithi inapofika tena kwenye helikopta ileile, Walker anashtuka na kusema jambo hili tulishalifanya. Kwa wasomaji hao, alikufa katika anguko la kwanza, na yote tunayoyaona baadaye ni adhabu ya roho inayorudia dhambi zake. Williams mwenyewe alieleza kwamba anaisoma hivyo, ingawa hakuwafungia wengine mlango. Alieleza pia alama moja: picha ikififia kuelekea weusi, tunaona mambo kama yalivyo; ikififia kuelekea weupe, Walker anajidanganya. Watu walirudia mchezo wote wakihesabu weupe na weusi, kama wanafunzi wanaotafuta jibu la mtihani kwenye karatasi ya mwalimu.

Mimi ninasimama upande mwingine. Kusema alikufa zamani ni kumwachilia. Maiti haina deni. Kama yote ni ndoto ya mtu anayekufa, basi wale 47 nao ni ndoto, na shimo lile ni mapambo ya dhamiri yake. Ninapendelea kusoma kwamba aliishi, alishuka kwenye gari, akafika kwao, na mke wa jirani akamsalimu asubuhi. Huo ndio mwisho mgumu zaidi, na ndio pekee tunaoujua hapa. Serkali yetu ina programu ya kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia, P-DDRCS, iliyoundwa mwaka 2021; kabla yake zilikuwepo nyingine. Kila mmoja anayeweka bunduki chini anarudi kwenye kijiji fulani, ambako kuna mtu anayekumbuka. Swali la yule askari kijana ndani ya gari linakuwa swali la soko zima.

Madaktari wana maneno ya kutenganisha vitu viwili ambavyo Walker anavibeba pamoja. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza rasmi katika kitabu chake ugonjwa wa kiwewe, ule wa mtu anayerudiwa na tukio usingizini na mchana, moyo unaomruka akisikia mlango. Hiyo ni hofu iliyokataa kutoka mwilini. Lakini Jonathan Shay, daktari aliyewatibu huko Boston wanajeshi wa zamani wa Vietnam, aliona kwamba wengi hawakuumwa na hofu tu. Aliita kitu kingine jeraha la dhamiri, na kitabu chake cha 1994 kinamlinganisha mwanajeshi wa Vietnam na Akile wa hadithi za Wayunani. Kwake jeraha hilo lilitoka hasa kwa mkubwa aliyesaliti lililo haki wakati roho za watu ziko hatarini. Mwaka 2009 watafiti wengine, wakiongozwa na Brett Litz, walilipanua hadi kwa mtu aliyevunja haki kwa mkono wake mwenyewe. Walker anang'ang'ania maana ya Shay, mkubwa amenisaliti, ili asiifikie ya pili. Konrad wa redio anamfaa kwa kazi hiyo. Siku kioo kinapovunjika, maana ya pili inabaki peke yake chumbani.

Hapo pia ndipo ninaona mchezo ni mwana halali wa kitabu. Mwishoni mwa Heart of Darkness, Marlow anarudi Ulaya, anamtembelea mchumba wa Kurtz, na anamdanganya kwamba neno la mwisho la marehemu lilikuwa jina lake. Uongo wa kumlinda mwanamke aliyevaa nyeusi. Walker naye anajenga uongo, ila anamlinda yeye mwenyewe. Katika zote mbili, watu waliokufa kando ya mto au ndani ya mchanga hawaulizwi kitu.

Hilo ndilo lililomkasirisha Chinua Achebe. Mwaka 1975, katika mhadhara alioutoa Marekani, mwandishi huyo wa Nigeria alimshtaki Conrad kwamba aliifanya Afrika kuwa mahali tu pa akili ya Mzungu mmoja kuvunjika, na Waafrika kuwa miguu, mikono na kelele nyuma ya majani. Nikiangalia Dubai ya Yager, shtaka linarudi karibu neno kwa neno. Tunajua Walker anaogopa nini, Adams anasema nini, Lugo anacheka namna gani. Wakaaji wa mji wanakimbia, wanapiga kelele, wananyonga, wanaungua. Ni wakati gani mmoja wao anapewa jina na dakika tano za kuongea? Mchezo unataka tumsikitikie aliyeua, na unafaulu. Waliouawa wanabaki kuwa ushahidi katika kesi yake.

Kuna mchezo mwingine uliojaribu njia ya upande wa pili. This War of Mine ulitoka mwaka 2014, umeundwa na 11 bit studios ya Warsaw, tena Poland, na wazo lake limetoka kwenye kuzingirwa kwa Sarajevo kati ya 1992 na 1996. Hapa hushiki askari. Unaongoza raia wachache katika nyumba iliyobomoka, kila mmoja na jina lake na kazi yake ya zamani. Mchana mnatengeneza jiko na kitanda, usiku mmoja anatoka kutafuta chakula. Kuna nyumba ya wazee wawili, mume na mke. Wana chakula na dawa. Hawana silaha. Hakuna anayekulazimisha kuwaibia, na hakuna anayekuzuia. Mzee anakuomba tu. Ukichukua, unarudi na mfuko umejaa, na kesho yake mtu wako amekaa kitandani, hataki kula, hasemi na wenzake. Ikizidi anaweza kuondoka usiku, au kujiua. Vita vikiisha, mchezo unasimulia kwa maneno machache kila mmoja aliendeleaje na maisha. Mwaka 2020 serkali ya Poland ilitangaza kwamba utawekwa kwa wanafunzi kati ya vitu vya kujisomea. Kama nikiulizwa na mwalimu wa Bukavu ni upi wa kuonyesha darasani, nitataja huu bila kufikiri mara mbili.

Na bado, nikiwa peke yangu, ninayerudia kumfikiria ni Walker. Labda kwa sababu aliyeiba dawa Sarajevo anajua aliiba. Walker anatumia mchezo mzima kutojua.

Tangu Januari 2024 Spec Ops: The Line hauuzwi tena kwenye maduka makubwa ya intaneti; 2K ilisema ni juu ya ruhusa fulani zilizofika mwisho. Waliokuwa nao wanabaki nao. Diski za zamani kama ile ya Goma, na sanduku lake lililopasuka, zimekuwa mali.

Siku nilipoumaliza, nilichagua kuweka bunduki chini. Mlangoni kulikuwa na mzee anayeuza uniti za simu, baba wa mwenye chumba, aliyekuwa akitazama tangu kwenye makombora bila kusema kitu. Gari la jeshi lilipokuwa linaondoka mchangani aliniuliza wale watu 47 walizikwa wapi. Nikamwambia mchezo hauonyeshi. Akauliza kama basi huyu kapteni, akifika, atakwenda kuonyesha pahali. Nikamwambia hadithi inaishia ndani ya gari. Akavuta kiti chake karibu na televisheni, akaniomba nirudishe nyuma kidogo, aone tena ule ukuta penye shimo.